Siku 17 za Safari, Siku 4 za Kisiwani: Kisa cha Wastaafu Wawili wa Kigoma

Wahusika wa kisa hiki ni mume na mke, wastaafu wote wawili, wakazi wa Mwanga hapa Kigoma mjini. Mzee alifundisha historia sekondari mpaka alipostaafu; nitamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita. Mkewe alikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumikia kwenye zahanati za mwambao wa ziwa, kule ambako mgonjwa wa rufaa husafirishwa kwa boti. Yeye nitamwita Mama. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshafanya kazi zake, nyumba imeezekwa, wajukuu wako shuleni, na sasa walitaka kitu ambacho hawakuwahi kukipata katika miaka yote ya kazi: kwenda pwani, waone visiwa kimoja baada ya kingine, bila kukimbizwa na mtu.

Hayo ya "bila kukimbizwa na mtu" ni maneno ya Mama mwenyewe. Nimeyaandika kwa sababu ndiyo niliyoyatumia kupima kila kitu kilichofuata.

Kijana wao anayefanya kazi Dar es Salaam alikuwa ameshawaandalia ratiba. Aliifanya kwa upendo, na hilo lilionekana: kila siku na mstari wake, kila mstari na saa yake, na alitenga fedha zake kuongezea za wazazi. Likizo yake iliangukia Julai, kwa hiyo safari nayo iliwekwa Julai. Usiku 2 kwenye treni kutoka Kigoma, 1 Dar, 2 Mji Mkongwe, 2 Nungwi, 2 Pemba, 1 Dar tena, 2 Mafia, 1 Kilwa Masoko ili wavuke kwenda Kilwa Kisiwani, 1 Dar, kisha 2 kwenye treni ya kurudi. Jumla usiku 16, siku 17. Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa Kisiwani: visiwa vinne, vyote vyenye majina makubwa.

Walipofika ofisini kwangu, ninapopangia watu safari, Mwalimu alikuwa na karatasi hiyo kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Baada ya salamu akaniambia, "Binti yangu, kila kitu kimo humu. Wewe tukatie tiketi tu." Mama alinyamaza. Nikamgeukia yeye nikamuuliza, akifika huko angependa kufanya nini. Akasema anataka kukaa mahali pamoja ayaangalie maji yakiondoka na kurudi, maana ziwa letu halina tabia hiyo.

Jibu la Mama na karatasi ya Mwalimu havikuwa safari moja. Hapo ndipo kazi ilipoanzia.

Hesabu ya kwanza

Mimi ratiba yoyote naianza kwa kuuliza: ni siku ngapi mtaamka na kulala kwenye kitanda kilekile? Hiyo ndiyo naihesabu kuwa siku nzima. Mahali unapolala usiku 2 unapata siku nzima 1, kwa sababu siku ya kufika imeliwa na safari, na siku ya kuondoka imeliwa na mabegi. Mahali unapolala usiku 1 hupati kitu.

Tukaipitisha karatasi ya kijana kwenye kipimo hicho. Mji Mkongwe siku 1. Nungwi 1. Pemba 1. Mafia 1. Kilwa hakuna. Katika siku 17, siku za kukaa kisiwani bila kufungua wala kufunga zipu ya begi zilikuwa 4. Na kuhama kulikuwa mara 9: Kigoma kwenda Dar, Dar kwenda Unguja, mjini kwenda Nungwi, Nungwi kwenda Pemba, Pemba kurudi Dar, Dar kwenda Mafia, Mafia kwenda Kilwa, Kilwa kurudi Dar, Dar kurudi nyumbani. Mwalimu alizihesabu mwenyewe kwa kalamu, akarudia tena. Hakusema nimemwonea.

Kwenye karatasi, siku ya kutoka Nungwi kwenda Pemba ilikuwa mstari mmoja: "asubuhi, Pemba." Nikawaeleza itakavyokuwa kwa mtu mwenye magoti ya miaka sitini na ushee. Unaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Unafunga mabegi gizani ukihofia kusahau dawa. Gari linakuchukua kutoka ncha ya kaskazini ya kisiwa mpaka bandarini mjini, safari ya zaidi ya saa moja, kwa sababu boti ya abiria inaondokea huko ulikotoka juzi. Unapanga foleni, unaonyesha kitambulisho, mabegi yanabebwa na mtu usiyemjua, unapanda ngazi, unakaa. Boti inakata mkondo wa bahari mpaka Mkoani. Hapo foleni nyingine, kisha gari jingine kuelekea Chake Chake. Ukifika unaoga, unakula, unalala. Kesho yake ndiyo siku yako pekee ya Pemba, na keshokutwa unayarudia yale yale kwa kinyume. Jambo hilo vijana hulimudu na huliona tamu. Wazee waliosema hawataki kukimbizwa wasiwekewe siku ya namna hiyo hata moja kama inaepukika, achilia mbali tisa.

Julai na upepo wa kusi

Jambo la pili lilikuwa mwezi. Mwambao wetu wa mashariki unaendeshwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba mpaka Machi, na kusi huanza karibu na Aprili au Mei ikaendelea mpaka Septemba, makali yake yakiwa katikati ya mwaka. Kati ya pepo hizo kuna maleleji, upepo ukigeuka na bahari ikitulia. Watu wa bara tunaijua Julai kama mwezi mzuri wa kusafiri kwa sababu mvua hakuna na barabara ni kavu. Baharini ni habari nyingine. Anga inaweza kuwa safi kabisa na mawimbi yakawa makubwa.

Mama alilijua hilo kuliko mumewe. Alishawahi kuvuka ziwani na mgonjwa wakati wa pepo za kiangazi, akijua maana ya kukaa kwenye boti ndogo inayopanda na kushuka huku dripu ikining'inia. Na kama Watanzania wengine anakumbuka Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilipozama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja katika bahari iliyochafuka. Aliniuliza moja kwa moja kama boti za sasa ni salama. Nilimjibu ninavyoamini: boti kubwa za kasi za mchana, zenye tiketi yenye jina lako na kiti chako, ni usafiri ambao maelfu ya watu wanautumia, na ikitangazwa kwamba boti haiondoki kwa sababu ya upepo, hapo usibishane wala usitafute njia ya pembeni. Kinachoua ni kupakia kupita kiasi, kwenda na chombo kisichoandaliwa kwa abiria, na kuondoka wakati bahari imekataa.

Kwa hiyo nilikataa kabisa mstari mmoja kwenye karatasi, ule wa akiba uliosema kwamba tiketi za boti zikikosekana wangechukua mashua kutoka Nungwi. Unguja na Mafia zimekaa kwenye rafu ya bara, maji ya kati yao na nchi kavu si ya kina kirefu. Pemba ni tofauti: imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na mawimbi ya pale hayana mchezo. Mashua ya kuvulia si chombo cha kuwavushia wazazi wa mtu huko.

Kila kisiwa kitoe sababu yake

Kisha nikawaomba wataje, kwa kila mahali kwenye karatasi, kwa nini pamo. Swali hili huwa linapunguza ratiba lenyewe, bila mimi kukata kitu.

Nungwi haikuwa na sababu. Kijana aliona picha. Pemba ilikuwa na sababu nusu: Mwalimu alikuwa na mwenzake wa zamani kazini, mtu wa Wete, aliyekuwa akimsimulia mashamba ya karafuu. Kilwa ilikuwa na sababu kubwa. Mwalimu alifundisha Kilwa maisha yake yote, dhahabu ya Sofala, msikiti mkuu, Ibn Battuta kufika 1331, na hajawahi kuiona. Na Unguja ilikuwa na sababu ambayo mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa sana. Barabara ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, ng'ambo yake ndiyo Unguja. Pembe na watu waliotembezwa kutoka huku kwetu waliishia kwenye masoko ya kule. Mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake Ujiji mara nyingi kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Sasa alitaka kuona upande wa pili wa barabara hiyo.

Mama alisema kwa ufupi: maji, kivuli, kitanda kimoja.

Kwa siku 17 Kilwa na Mafia haziwezi kukaa pamoja bila kuvunja sharti la Mama. Moja ilibidi isubiri. Nilimweleza Mwalimu mambo mawili kuhusu Mafia ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya kijana. La kwanza, katika kisiwa cha Juani, ndani ya ghuba ya Chole, kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili wenye misikiti na nyumba za mawe, uliovamiwa na watu kutoka Madagaska mapema katika karne ya 19 ukaachwa. Hivyo asingekosa mji wa kale wa kutembea ndani yake. La pili lilimfanya anyooke kwenye kiti. Mapema mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaitumia kuiwinda meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo tu ya kisiwa. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga, na Julai mwaka huo meli ikaangamizwa. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaitawanya nchini, na mmoja ulisafirishwa mpaka Kigoma ukafungwa kwenye Graf von Goetzen, meli hii hii ambayo sisi sote tunaiita Liemba.

Mwalimu alijua habari za Goetzen vizuri: ilivyojengwa Ujerumani ikaletwa vipande vipande, ikashushwa ziwani hapa 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916, ikaopolewa 1924. Alijua na habari za mzinga. Ila hakuwahi kuiweka Mafia kwenye hadithi hiyo. Kuanzia hapo hakuna aliyelazimika kumshawishi kuhusu Mafia.

Kuvuka bila begi

Kiini cha mpango mpya kilikuwa hiki: wahame mara chache, lakini wavuke mara nyingi. Kuna kuvuka na begi, kwenda kulala upande wa pili, na kuna kuvuka na kofia na chupa ya maji ukarudi jioni kwenye kitanda chako. Kwa wanaotaka visiwa vingi bila kuchoka, namna ya pili ndiyo inayofaa, na pwani yetu ina ghuba mbili zilizokaa vizuri sana kwa kazi hiyo.

Ya kwanza ni mbele ya Mji Mkongwe. Ukikaa mjini, Changuu iko kama nusu saa kwa boti, na ina jengo la gereza ambalo halikuwahi kufungia wafungwa kama lilivyokusudiwa, likaishia kuwa karantini. Kuna kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Karibu na hapo kuna fungu la mchanga la Nakupenda, linaloibuka maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Ya pili ni ghuba ya Chole, Mafia. Ukilala Utende unaiona Chole mbele yako. Kuvuka ni dakika chache. Juani iko nyuma yake, Jibondo kusini. Eneo lote limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa 1995. Ada ya kuingia inalipwa njiani kabla ya kufika Utende.

Ratiba ikawa: treni usiku 2, Dar 2, Mji Mkongwe 5, Utende 5, Dar 2, kisha ndege kurudi Kigoma. Usiku 16 ule ule. Kuhama mara 5 badala ya 9. Siku nzima za kisiwani 8 badala ya 4. Na visiwa watakavyokanyaga ni Unguja, Changuu, Mafia, Chole na Juani. Vitano, kimoja zaidi ya karatasi ya kwanza. Mwalimu alicheka nilipomwonyesha hilo.

Mwezi angani

Sehemu hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu Mwalimu ndiye aliyeikamilisha.

Mtu aliyekulia kwenye mwalo wa Ziwa Tanganyika anahesabu mwezi bila kujua kwamba anahesabu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazina nguvu, wavuvi wanapumzika, wanatengeneza nyavu, na soko la dagaa linajua. Pwani nako wanahesabu mwezi, kwa jambo jingine. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti ya kina inafika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti inakuwa ndogo.

Saa nazo zina mpangilio. Wakati wa bamvua kwenye pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Wakati wa maji mafu hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Kila siku saa inasogea mbele kwa chini ya saa moja kidogo.

Sasa angalia. Fungu la Nakupenda linahitaji maji yaliyopwa asubuhi, hiyo ni bamvua. Kwenda Juani kunahitaji maji yaliyojaa asubuhi ili mashua isikwame kwenye matope ya mikoko, hayo ni maji mafu. Kutoka bamvua moja mpaka maji mafu ni kama wiki. Wakikaa Mji Mkongwe usiku 5 mwezi ukiwa mpevu, kisha wakahamia Utende, wiki inakuwa imetimia. Mwalimu aliichukua kalenda ukutani kwangu, akatia alama mwezi mpevu, akasema, "Basi tuondoke hapa wakati wavuvi wanakaribia kupumzika, tutakuta kila kitu kiko sawa." Ndivyo tulivyofanya. Tarehe ya treni ilichaguliwa na mwezi.

Mwezi wa kalenda ukawa Oktoba. Kusi inakuwa imelegea na mvua za vuli kwa kawaida hazijakolea. Kuna walichopoteza, na niliwaambia kabla hawajalipa. Julai Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, na Mwalimu angeupenda sana. Juani kati ya Juni na Septemba ndipo vitoto vya kasa huanguliwa kwa wingi. Kwa upande mwingine, Oktoba ndiyo mwanzo wa msimu wa papa potwe upande wa Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, msimu unaokwenda mpaka Machi. Anayetaka kasa na anayetaka potwe hawapangiwi mwezi mmoja.

Simu ya kijana

Kijana alipiga jioni ile ile. Hakukasirika, alikuwa na wasiwasi. "Dada, siku nne Utende watafanya nini? Wataboreka. Nalipia hoteli ili wakae tu?"

Swali lake ni la haki na nalisikia kila mara, hasa kwa watoto wanaowalipia wazazi. Wanataka kila shilingi ionekane imefanya kazi. Nilimjibu kwamba siku tupu kwenye ratiba ni kitu anachowanunulia wazazi wake, kama anavyowanunulia tiketi. Mama aliamshwa usiku kwa miaka mingi na watu waliobisha mlango. Mwalimu aliishi kwa kengele. Siku isiyo na mstari ndiyo kitu ambacho hawawezi kukipata Mwanga, kwa sababu pale nyumbani kuna kuku, kuna wajukuu, kuna majirani wenye vipimo vya presha. Nikamwongezea sababu ya pili, ya kikazi: ndege ndogo za Mafia zinaweza kuchelewa kwa hali ya hewa, na ratiba isiyo na nafasi inavunjika yote kwa kuchelewa kumoja. Hiyo ya pili ndiyo iliyomtuliza. Likizo yake akaihamishia kwenye usiku 2 wa mwisho wa Dar, akae nao.

Treni, ndege na mizani ya dagaa

Mwalimu alishikilia treni ya kwenda, na nilimuunga mkono. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914, inafuata kwa sehemu kubwa njia ile ya misafara, na kwake kupita Tabora akitazama dirishani kulikuwa sehemu ya safari. Tulichukua behewa la kulala, daraja la pili. Kijana alipendekeza washuke Dodoma wapande treni ya mwendokasi, ambayo imeanza kubeba abiria kati ya Dar na Dodoma tangu 2024. Kwa mwenye haraka ni wazo zuri. Kwa hawa ilikuwa kuhama kwa sita, nao tayari wana kitanda.

Kutoka Unguja kwenda Mafia tukachagua ndege ndogo. Njia ya Nyamisati kwa barabara kisha kivuko mpaka Kilindoni ni nafuu na watu wa Mafia wanaitumia, ila ingewarudisha kwanza Dar na kuwaongezea siku. Hizi ndege zina sharti la uzito: kwa kawaida kilo 15 kwa abiria, na begi liwe laini ili liingie kwenye tumbo la ndege.

Mama alikuja na sanduku gumu la magurudumu. Tukalipeleka kwa jirani yangu muuza dagaa, likapandishwa kwenye mizani yake kati ya magunia. Mshale ukapita 15 ukaendelea. Ndani kulikuwa na dagaa, chupa ya mawese iliyofungwa kwa vitambaa vitatu, vitenge vya zawadi, na pasi. Pasi ikarudi nyumbani. Dagaa na mawese vikatengwa kwenye kikapu cha kuishia Dar kwa kijana. Vitenge vikapungua. Vilivyobaki vikaingia kwenye begi la kitambaa la mjukuu na mizani ikasoma 11. Dawa zake za presha zikahamia kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote na za akiba, na hilo sikuhitaji kumwambia muuguzi. Nilimwongezea tu yeboyebo za kutembelea kwenye mwamba maji yakipwa, na dawa ya kichefuchefu inywewe kabla ya kupanda boti, si baada ya tumbo kuanza.

Fedha: Mji Mkongwe malipo ya simu yanatosha karibu kila mahali. Utende nilishauri wachukue taslimu Kilindoni wakishuka ndege. Nauli na bei za vyumba siziandiki, zinabadilika.

Ilivyokwenda

Treni ilichelewa kufika Dar, na usiku 2 wa Dar ukameza kuchelewa huko bila mtu kugusa tiketi ya boti. Bahari kwenda Unguja ilikuwa na mawimbi madogo. Mama alikaa chini katikati, akashuka salama.

Mji Mkongwe Mwalimu alikwenda Mkunazini siku ya kwanza na akarudi tena siku ya tatu. Kanisa kuu la Waanglikana limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya Livingstone kufa. Ndani kuna msalaba wa mbao za mti ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake, huko Zambia ya leo. Kurudi mara ya pili kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na siku ya kurudia, na yeye alisema mara ya kwanza aliona jengo, mara ya pili ndipo alipokaa. Mama hakwenda mara ya pili. Alibaki kwenye baraza la nyumba waliyofikia akizungumza na wenyeji, na usiku akapelekwa Forodhani kula urojo, ambao bado anajaribu kuupika. Nakupenda ilikuwa kama kalenda ilivyosema: saa nne asubuhi fungu jeupe, saa nane nahodha akawaita warudi maana maji yamegeuka.

Utende siku ya kwanza hawakwenda popote. Siku ya pili maji yalikuwa yamejaa asubuhi, wakaenda Kua. Mwalimu alitembea kwenye magofu mpaka mwongozaji akaomba wapumzike. Siku ya tatu walikwenda kumtafuta papa potwe. Mama hakuingia majini. Aliona kivuli chenye madoa meupe, kirefu kuliko boti yenyewe, kikipita taratibu chini yao mdomo wazi, injini imezimwa kama inavyotakiwa. Siku ya nne Chole, chini ya mikungu na miembe yenye popo wakubwa, kisha nyumbani mapema.

Siku ya kuondoka Mafia ndege ya asubuhi haikuja. Ilifika alasiri. Kwenye ratiba ya kwanza, hapo ndipo Kilwa ingepotea, na pengine treni ya kurudi pia. Kwenye hii walichelewa chakula cha mchana kwa kijana wao.

Mama ana maoni mawili aliyoniletea: usiku wa Mji Mkongwe una kelele za pikipiki, chumba kiwe upande wa ndani, na Utende ingeongezwa siku moja ikatolewa Dar ya mwanzo. La chumba nimeshaanza kulitumia kwa wateja wengine. La Dar silikubali kwa anayekwenda kwa treni.

Kilwa imebaki. Mwalimu anataka kwenda na walimu wenzake wastaafu, watu wanne, bila Mama, ambaye amesema magofu yamemtosha. Kwao mpango ni mwepesi: basi kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko kwa lami, walale Masoko usiku 4 palepale, wachukue vibali kabla ya kuvuka, siku moja Kilwa Kisiwani, siku moja tupu, siku moja Songo Mnara. Magofu ya visiwa hivyo viwili yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Songo Mnara ni mbali zaidi kwa mashua na maji yake yana saa zake, kwa hiyo kalenda ya mwezi ameshaichukua tena.